Mwandishi wa Pwani Ambaye Pwani Hatukumsoma

Jumamosi moja baada ya alasiri, binti mmoja wa darasa langu la uandishi alipanda ngazi akiwa na bahasha mkononi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili Uingereza, ada na malazi vyote vimelipwa. Wenzake walimpigia vigelegele, mmoja akashuka mbio kuongeza kahawa na kashata, na kabla kelele hazijatulia yule binti akaniuliza: "Mwalimu, nikifika huko niandike kwa lugha gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe wiki tatu, na kwa wiki hizo tatu darasa zima tukaweka kando kazi nyingine na kuchambua kisa kimoja tu, cha Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyehamia Uingereza akiwa kijana, akafundisha fasihi chuo kikuu kwa miongo kadhaa, akaandika riwaya, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Haya ndiyo tuliyoyaona. Nayaandika kwa ajili ya walimu wenzangu na vijana wanaoandika, kwa sababu kisa hiki kimenigusa zaidi ya nilivyotarajia nilipokichagua.

Darasa lenyewe ni dogo. Tuko tisa pamoja nami, tunakutana ghorofani katika nyumba ya zamani ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mkeka sakafuni, ubao umeegemezwa ukutani. Desturi yetu ni kuyapekua maisha ya mwandishi kama wakili anavyopekua faili: nini kilimfika, siku ile alikuwa na njia zipi mbele yake, aliishika ipi, na ilimgharimu nini.

Mtoto wa Malindi

Gurnah alizaliwa tarehe 20 Desemba 1948. Wakati huo Unguja na Mombasa zilikuwa chini ya Sultani mmoja kwa jina. Ukanda wa pwani yetu wa maili kumi ulitawaliwa na Waingereza kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar mpaka Desemba 1963, na bendera yake ilipepea Fort Jesus. Kwa hivyo mtoto wa Malindi ya Unguja na mtoto wa Kuze hapa kwetu walikua katika malezi mamoja: chuo cha Kurani asubuhi na juzuu mkononi, shuleni kwa Kiingereza, jioni bandarini kutazama majahazi ya musimu.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalipotokea, Gurnah alikuwa na umri wa miaka 15. Watu wenye asili ya Kiarabu waliandamwa, na yeye ni wa asili hiyo. Alipofika miaka 18 aliiacha familia yake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Uingereza, mkimbizi. Hakuweza kurudi kwao hadi 1984, akapata kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki.

Nilipoisoma sentensi hiyo ya mwisho darasani, hakuna aliyesema neno. Kijana wetu wa Likoni, ambaye kwa kawaida ana la kusema kuhusu kila kitu, alikuwa akikikwangua kikombe kwa ukucha.

Mengine nitayapitia upesi. Alisoma Canterbury. Kati ya 1980 na 1983 alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria. Mwaka 1982 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent kwa utafiti juu ya vigezo vya kuhakiki fasihi ya Afrika Magharibi, na akafundisha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987. Paradise ilitoka 1994 na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya huko Uingereza. By the Sea ikafuata 2001, Desertion 2005, Afterlives 2020, na kati yake nyingine. Tarehe 7 Oktoba 2021 alikuwa jikoni kwake simu ilipolia kutoka Stockholm, na mwanzoni alidhani ni mtu anamfanyia mzaha. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo ya fasihi tangu Wole Soyinka mwaka 1986.

Miaka kumi na saba

Hapa ndipo darasa lilipokwama, na mimi nikaliacha likwame. Gurnah alianza kuandika akiwa na miaka kama 21. Kitabu cha kwanza kilitoka akiwa na 38. Niliandika namba hizo mbili ubaoni nikachora mstari kati yake.

Kijana wa Likoni alikasirika kabisa. Yeye ana muswada wa kurasa mia mbili na amejiapia uchapwe kabla ya Ramadhani ijayo. "Miaka kumi na saba, Mwalimu? Alikuwa akila nini?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye makongamano ya fasihi. Sisi huzungumzia uhamisho kana kwamba wenyewe ndio uliomfanya Gurnah mwandishi: alilia, aliona baridi, akashika kalamu. Uhamisho ulimpa jambo la kuandika, sikatai. Lakini uhamisho umewapata watu wengi sana, na wengi wao walikufa na hadithi zao vifuani. Pilgrims Way, riwaya yake ya pili ya mwaka 1988, ina kijana aitwaye Daud, mtu wa kwetu huku, anayefanya kazi ya chini hospitalini Canterbury na kutukanwa barabarani. Daud anatunga barua nyingi sana kichwani mwake. Hazitumi. Nadhani Gurnah alijua vizuri jinsi maisha ya mhamiaji yanavyoweza kuishia kwenye barua zisizotumwa.

Jibu nililompa kijana wa Likoni ni kwamba alikuwa akila ualimu. Nataka nikae hapa kidogo, maana hili husemwa haraka haraka kwenye wasifu wake kana kwamba ni jambo la pembeni. Mshahara wa ualimu ulimfanyia mambo mawili. Kwanza, hakulazimika kuandika kile soko lilichotaka kwa mtu mweusi kutoka Afrika katika miaka ya 1980. Angeweza kuandika polepole juu ya wafanyabiashara wa pwani, madeni, ndoa zilizovunjika, aibu za nyumbani, mambo ambayo hakuna mchapishaji aliyekuwa akiyapigania. Pili, ualimu ulimlazimisha kusoma. Utafiti wake wa uzamivu ulimtaka ajue kila kilichosemwa juu ya riwaya za Afrika Magharibi na kwa nini kilisemwa. Alihariri juzuu mbili za insha juu ya uandishi wa Afrika, 1993 na 1995. Aliandika utangulizi wa toleo jipya la A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Tangu 1987 amekuwa miongoni mwa wahariri wa jarida la fasihi lililoanzishwa Uingereza mwaka 1984, na jina la jarida hilo ni Wasafiri. Neno letu, limeandikwa kwenye jalada huko kwa miaka yote hiyo, na sisi huku hatuna habari.

Hakuwa mwalimu wa "namna ya kuandika riwaya" kwa maana ya semina za siku mbili zenye vyeti. Alifundisha watu kusoma. Mimi nafundisha uandishi na nakiri kwamba saa nzuri kuliko zote ninazokuwa nazo darasani ni zile tunazosoma aya moja ya mtu mwingine mpaka tujue kila neno limewekwa hapo kwa nini. Kijana wa Likoni hakuridhika. Lakini wiki iliyofuata alikuja na muswada wake umekatwa kurasa arobaini, na hakusema kitu, akauweka tu kwenye mkeka.

Kasha la udi

Wiki ya pili nilikuja na chetezo, makaa, na vipande vitatu vya udi nilivyonunua kwa muuzaji mmoja karibu na Marikiti. Nilitia kimoja. Chumba kikajaa. Kisha nikawasimulia mwanzo wa By the Sea.

Mzee mmoja, Saleh Omar, aliyekuwa mfanyabiashara wa samani huko kwao, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Anasafiri kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, ingawa anakijua vizuri. Katika mzigo wake mdogo mna kasha la udi-l-qamari, alilolipata miaka mingi nyuma kwa mfanyabiashara aliyekuja na musimu. Ofisa wa uhamiaji analifungua, analinusa, anauliza ni nini. Mzee yuko kimya. Ofisa analichukua.

Niliwauliza wanafunzi wangu: kimechukuliwa nini?

Msomaji wa London, hata akiwa mwema kiasi gani, ataona kasha zuri la kigeni na ofisa mwenye tamaa. Wale wanane waliokuwa wamekaa mbele yangu, nguo zao zimeshika harufu, walijibu kwa kupokezana bila mimi kuwasaidia. Udi ndio unaomwambia mgeni kwamba karamu imekwisha na anaondoka kwa heshima. Udi ndio unaofukizwa nguo za bibi harusi. Udi hutiwa penye maiti. Udi mzuri hauufungui mpaka siku yenyewe, na mamako ndiye mwenye kujua siku yenyewe ni ipi. Mmoja akasema: "Mzee hakubeba udi, alibeba nyumba." Binti anayesafiri aliandika hilo daftarini mwake.

Gurnah hakuyaeleza hayo yote. Vitabu vyake vimejaa maneno yetu, na amepata kusema wazi kwamba hapendi ile tabia ya wachapishaji kutaka maneno ya kigeni yalazwe kwa herufi za mshazari au yawekewe faharasa nyuma, ili kitu kigeni kizidi kuonekana kigeni. Katika Paradise kuna mnyapara wa msafara, na ni mnyapara tu. Msomaji asiyejua anajikokota mpaka aelewe. Msomaji anayejua tayari ameisikia sauti ya mtu huyo ikiamrisha wapagazi.

Basi fikirini maana yake. Mtu yuko Kent, kwenye mvua, anaandika kwa Kiingereza kitabu ambacho wasomaji wake bora kabisa, wale ambao kwao hakuna neno linalopotea, wako Unguja, Tanga, Lamu na Mombasa. Katika Desertion anafungua na mwaka 1899, alfajiri, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, Hassanali akienda kufungua msikiti anamwona mzungu amechoka taabani anatokea porini. Mapenzi ya mzungu huyo na Rehana, dada yake Hassanali, yanawaleta kuishi hapa hapa Mombasa. Hapa! Ni vichochoro hivi.

Kijana wa Likoni ndiye aliyelisema: "Kwa hivyo alikuwa akituandikia sisi, na sisi hatupo."

Tulikuwa wapi?

Kisa chetu hasa ni hiki. Kutoka riwaya ya kwanza hadi Tuzo ya Nobel ni miaka 34. Mimi nilisoma shule za Mombasa, nimefundisha Kiswahili kwa miaka 19, na jina la Gurnah nililisikia mara ya kwanza kwenye redio Oktoba 2021 kama jirani yangu muuza mbaazi. Nilipokwenda kutafuta vitabu vyake kwenye duka moja la mjini, niliambiwa niweke agizo, na nilipotajiwa bei nilirudi nyumbani kwanza nikafikirie.

Sababu ya kwanza ni lugha, nayo inahitaji kusemwa kwa haki. Gurnah ameeleza kwamba alipokuwa Zanzibar, fasihi ya Kiswahili ya kusoma ilikuwa karibu haipo kwake, na kwamba chemchemi zake zilikuwa sura za Kurani, hadithi za Alfu Lela U Lela, na baadaye fasihi ya Kiingereza. Hapo darasa lilichemka, na mimi nilichemka zaidi. Haipo vipi? Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na 1840 akiwa ameacha mashairi ambayo wazee wa Mji wa Kale mpaka leo huyatoa kichwani. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Shaaban Robert alikwisha kuchapa Kusadikika mwaka 1951. Na huko huko Unguja, Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Gurnah akiwa mtoto wa miaka 11, na Bwana Msa wake akawa mpelelezi maarufu kwa vizazi vya wasomaji.

Hasira ilipopoa, nililazimika kuwaambia wanafunzi ukweli mwingine. Diwani ya Muyaka ilichapwa mwaka 1940, Johannesburg. Kwa mtoto wa shule wa Unguja, Johannesburg ni wapi? Hazina ilikuwepo, lakini ilikuwa vifuani mwa watu na kwenye miswada ndani ya masanduku, na shule ya mkoloni haikumfungulia sanduku hilo. Alichopewa ni Kiingereza. Mtu huandika kwa lugha iliyomfundisha kusoma vitabu, na kwake lugha hiyo haikuwa ile aliyofundishwa na mamake. Simlaumu. Inaniuma tu, na inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ndio ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Vizazi vya watoto wa Mombasa tumesahihishwa kwa kalamu nyekundu ili tuandike lugha ya mtaa aliozaliwa Gurnah.

Wala haikuwa lazima kila aliyeondoka aache Kiswahili nyuma, na hili nililisisitiza kwa ajili ya yule binti. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947, mwaka mmoja tu kabla ya Gurnah. Naye aliishi na kufundisha ugenini, miaka mingi Bayreuth, Ujerumani, na riwaya zake ameandika kwa Kiswahili. Utengano, ya mwaka 1980, wanafunzi wengi wa Kenya wameisoma sekondari, na ukimtajia jina Maimuna mtu wa umri wangu atakusimulia mpaka chai ipoe. Na kuna wetu wenyewe, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1946. Kwa sababu ya waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, alifungwa miaka mitatu, akaandika kisirisiri kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Alipotoka alihama nchi: Dar es Salaam, London, kisha Leipzig, ambako alifundisha Kiswahili. Maisha yote ugenini, na lugha hakuibadilisha.

Tuliwapanga watatu hawa ubaoni. Said Ahmed Mohamed anajulikana na kila aliyesoma sekondari Kenya, lakini dunia haimjui. Abdilatif anajulikana na wapenzi wa ushairi, na Mombasa inamwona mwanawe. Gurnah dunia inamjua, na kwao alikuwa mgeni mpaka simu ile ya jikoni. Sikuwaruhusu wanafunzi kutoa alama nani alichagua vyema. Kila mmoja alilipa, na kila mmoja alilipa kwa sarafu yake.

Sababu ya pili ni ukimya. Katika Mombasa hii zipo familia zilizovuka kutoka Unguja mwaka 1964 na kushukia huku, na nyumba nyingi kati ya hizo hazizungumzi. Vitabu vya Gurnah vinauingia ukimya huo moja kwa moja: nani alimdhulumu nani nyumba, nani alimsaliti nani, baba alinyamaza kwa nini. Nina hakika wapo watu wazima mjini humu ambao wangekiona kitabu hicho mezani wangekigeuza kifudifudi.

Sababu ya tatu ni ya kuudhi. Tuzo ilipotangazwa, watu wa nchi zetu walianza kubishana kama yeye ni Mtanzania au si Mtanzania, kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Kenya tuliuruhusu katika Katiba ya 2010, kwa hivyo baadhi yetu tulijiona bora kushinda jirani. Mabishano yale yalichukua wiki nyingi. Watu walitafuta pasipoti yake kwa bidii kuliko walivyotafuta vitabu vyake.

Na sababu ya nne ndiyo nzito, tena ndiyo rahisi kuliko zote: hakikuwepo cha kusoma kwa Kiswahili. Paradise ilitoka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Miaka 28. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kitabu kilipotoka London alikuwa mtu mzima mwenye watoto kilipofika kwa lugha ya watu waliomo ndani yake.

Kwa hiyo binti alipata jibu lake, na halikuwa jibu la kishairi. Nilimwambia: andika kwa lugha itakayokuja. Huwezi kuilazimisha, na baridi ya huko itakuamulia mengi. Lakini siku utakapowekewa mkataba wa kwanza mbele yako, usiangalie tu malipo. Tafuta kifungu cha haki za tafsiri, na uhakikishe haki ya Kiswahili inabaki mikononi mwako. Usimwachie mchapishaji wa mbali aamue kama sisi ni soko au si soko. Na huku nyumbani tafuta mfasiri ungali hai na una nguvu, mkae naye meza moja mgombane juu ya maneno. Alicheka. Kisha akaniuliza kifungu hicho huitwaje, tukakitafuta pamoja kwenye simu, na sampuli ya mkataba nikampa akasome.

Nyanya

Nakala yangu ya Peponi ililetwa kutoka Dar na jamaa aliyekuja kwa basi la Tanga kupitia Horohoro, imefungwa ndani ya kanga ili isikunjike. Kijana mmoja wa darasa, mpole, asiyesema sana, aliniomba aichukue siku mbili akamsomee nyanya yake. Nyanya huyo ni wa Unguja. Alivuka na mama yake mwaka 1964 akiwa msichana wa miaka 14, wakashukia Bandari ya Kale, na tangu hapo hajapata kumsimulia mjukuu wake chochote cha safari hiyo. Nilimwambia kijana nitakuja naye, kama nyanya hatakereka.

Tulimkuta sebuleni, amekaa kwenye kiti cha mkeka, redio imezimwa kwa heshima yetu. Mjukuu akaanza. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo isiyofanya biashara katika mji wa Kawa, kwenye njia ya reli. Mara kwa mara hupita mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto anamwita ami. Siku hizo nyumbani hupikwa vyakula vya fahari, na mgeni akiondoka humpa mtoto sarafu ya anna kumi. Kisha inakuja siku mtoto anaambiwa atasafiri na ami yake.

Nyanya akainua mkono. "Ngoja. Rudi pale pa chakula."

Mjukuu akarudi.

"Si ami yake huyo," akasema. "Ndugu hakaribishwi kwa hofu hivyo. Mtoto ashawekwa rehani."

Katika kitabu Yusuf mwenyewe hajui bado. Anakuja kuambiwa baadaye, akiwa mbali na kwao, na kijana mwenzake Khalil, aliyewekwa rehani kabla yake: huyu si ami yako, huyu ni bwana, na wewe uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Nimeona wasomaji makini wakifika ukurasa huo na kushtuka. Nyanya alijua kutokana na chakula.

Nilimuuliza alijuaje. Hakunijibu mimi. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, akasema kwamba mtaani kwao Unguja kulikuwa na mtoto aliyekuja kukaa kwa tajiri mmoja, na yeye na wenzake walikuwa wakimuuliza kwao ni wapi, na mtoto yule hakuwa akijibu. Akataja na jina la mtoto. Kisha akataja mtaa, na nyumba, na nani alikaa nyumba ya pili. Mjukuu alikuwa ameshika kitabu kimefunguka mapajani, hasomi, hathubutu kusogea.

Adhana ya magharibi ikatukatiza. Tulipokuwa tukivaa viatu nyanya akasema: "Na huyo aliyeandika, yuhai?" Nikamwambia yuhai, yuko Uingereza, mkubwa wake kwa mwaka mmoja na kitu. Akatikisa kichwa. "Mbona hamkunambia kitambo?"

Binti ameshaondoka, Septemba. Darasa limehamia kwa nyanya, kwa sababu ngazi zetu za Kibokoni magoti yake hayaziwezi, naye amekataa kusomewa na mtu mmoja huku wengine wakisoma kwingine. Sisi tuliobaki tunakaa chini, yeye kitini, na mjukuu ndiye msomaji. Jumamosi hii ameagiza turudi nyuma, tuanze pale treni inapoondoka Kawa, kwa kuwa wiki iliyopita usingizi ulimchukua hapo.